Sinia la Msafiri

Kagoshima, 2 Agosti 1974

Dada Wakae,

…basi kama nilivyokuwa nakwambia kwenye ile kadi kabla nafasi haijaniishia, yule mama wa kwenye treni si wa kwanza kukimbiwa na mume, lakini ni wa kwanza mimi kumuona anahadithia huku kajaza yai la kuchemsha mdomoni. Yai zima! Machozi yanamtoka, na mimi namshikia chumvi. Mpaka anashuka Kumamoto nilishajua jina la kimada, anakofanya kazi, na kwamba ana jino la dhahabu. Takenori ananigonga na goti, "Mama, mwache mtoto wa watu apumzike." Nikamwambia, "Nyamaza wewe, huyu kupumzika kwake ni kusema."

Mwanangu kanenepa, Dada. Kiwanda cha Nagoya kinamlisha. Waliponipitia pale stesheni ya Orio nusura nisimjue, mpaka aliposhuka na kuinama, nikaona kile kisogo cha baba yake. Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Tumefikia nyumba ya wageni ya Bi. Orie, mama mdogo wa mkwe wangu Misao, ndiyo maana tunakaa wiki nzima kama matajiri. Sasa huku nako, shoga yangu, ni vituko. Ng'ambo ya maji kuna mlima wao wa moto, Sakurajima, unavuta kiko mchana kutwa, na upepo wa kiangazi ukigeuka, majivu yote yanakuja mjini. Jua kali, mbingu nyeupe, watu wamefungua miavuli! Kwenye reli za tramu majivu, kwenye masikio majivu, ukitafuna achari unasikia kru kru. Misao ananiomba radhi kila saa, utadhani mlima kauwasha yeye. "Mama, samahani, nguo zako zimechafuka tena." Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nimechambua makaa kwenye mkanda tangu kifua hakijatoka. Haya yenu kwangu ni poda." Akacheka, lakini akazifua upya. Mtoto mzuri yule, ila adabu yake nyingi mno. Mtu akikuheshimu kiasi hicho huwezi hata kujikuna mbele yake.

Chizuru sasa yuko darasa la kwanza na ana mdomo. Umri huo na maneno yale, sijui kamrithi nani. Jana kaniambia, "Bibi, mbona unaongea hata ukiwa umelala?" Nikamwambia mjukuu wangu, mchana haunitoshi.

Haya. Najua unasoma haraka haraka unatafuta lile jambo. Lile jambo bado.

Kule kwetu kwenye safu ya nyumba za mgodi kila mtu, maana yake wewe, alisema mtoto wa kiume hamtembezi mama yake hivi hivi, lazima ana neno. Kwamba atanitaka nihamie kwao. Mimi sisemi nangoja. Nani angoje? Nina nyumba yangu, nina matango yangu, nina wewe wa kugombana naye. Lakini nakuhadithia tu. Juzi Misao alinionyesha picha za nyumba yao mpya, ghorofa ya nne, bomba la maji ya moto ndani. Kuna kachumba kadogo kana mlango wake, hakana kitu. Nikauliza hiki cha nini? Misao akasema, "Hicho… bado hatujajua," akamwangalia mumewe. Mumewe akauangalia mlima. Kauangalia weee, kama hajawahi kuona moshi, na alizaliwa mgodini!

Baba yake alikuwa hivyo hivyo. Kuja kwetu kuniposa alikaa siku nzima anakunywa chai, neno lenyewe kalitoa ameshavaa viatu, yuko mlangoni. Kwa hiyo najua. Wanaume wa ukoo ule, mpaka wavae viatu. Siku ya mwisho hiyo.

Na akiuliza nitakataa. Nitakataa mara mbili kama watu wenye adabu zao. Ya tatu sijui, nasema tu.

Mwagilia matango yangu. Biringanya zikiiva kula, usinisubiri. Halafu lile kabati la ibada la marehemu mume wangu usihangaike nalo, nimelifunga. Si unamjua, hakuwa mtu wa kupenda kusumbuliwa wakati wa joto. Usilifungue kabisa. Kuna mende.

Ni mimi mdogo wako,
Shigeno


Kagoshima, 3 Agosti 1974

Shangazi Wakae,

Shikamoo. Natumaini joto halikusumbui. Mama hajui kama nakuandikia. Yuko chini na Bi. Orie, wanamsema jirani wa Bi. Orie ambaye mama hajawahi hata kumuona.

Shangazi, nataka kumuomba mama aje kuishi na sisi. Tumepata nyumba yenye chumba cha ziada na Misao amekubali. Nitamuuliza siku ya mwisho, tarehe saba, kabla ya treni. Nikimuuliza mapema akakataa, tutashinda siku zote hizi tunaangaliana. Akikubali hana haja ya kurudi kwanza. Treni ni hiyo hiyo moja, badala ya kushuka Orio anaendelea na sisi mpaka Nagoya. Ningekuomba wewe utume nguo zake za baridi, na kibao cha jina la marehemu baba, kile cha kwenye kabati la ibada, ukifunge kwa kitambaa cheupe. Sikukuu ya wafu ni katikati ya mwezi huu, na nisingependa roho ya baba ije ikute nyumba haina mtu.

Ninachoogopa ni kimoja. Atasema hawezi kukuacha. Tangu akina Kusaba wahame mmebaki wawili kwenye safu nzima. Mimi sijui nitajibu nini hapo. Wewe ulinibeba mgongoni mama akiwa zamu. Ukiona jambo hili si sawa, niandikie, nami nitanyamaza.

Mwanao,
Takenori


Chikuho, 5 Agosti 1974

Takenori,

Marahaba. Mwandiko wako bado ni wa kuku aliyekanyaga wino.

Muulize. Atakataa mara mbili. Hiyo adabu, usiisikilize. Uliza ya tatu.

Kuhusu kibao cha baba yako. Mama yako aliniambia nisifungue kabati. Nikafungua. Baba yako hayumo. Mama yako kaondoka naye. Yuko huko huko mlipo, ndani ya lile furushi. Kwa hiyo unaona. Wewe unaogopa kuuliza, mwenzio keshafunga safari na mume.

Kuhusu mimi. Leo namwandikia kwamba nahamia Hita kwa mpwa wangu mwenye shamba la mapeasi. Mpwa sina. Wewe usiseme kitu.

Nguo za baridi nimezituma Nagoya kwa treni. Usimlaze karibu na dirisha, mgongo wake hautaki. Anapiga mateke usingizini. Muache aongee. Ukiona kanyamaza, huyo anaumwa.

Wakae


Chikuho, 5 Agosti 1974

Shigeno,

Barua yako imefika. Ndefu. Nimeisoma kwa awamu.

Mimi sijui kuandika mengi kama wewe. Mzima. Joto lipo. Mbwa wa Kusaba, yule waliyemwacha, anakuja kulala kibarazani kwako. Namfukuza, anarudi.

Kila mchana nakuwekea sinia la msafiri. Kama tulivyokuwa tunawawekea wale waume zetu wakisafiri. Wali, supu, achari. Nafunika bakuli, nakula changu, nikimaliza nafunua. Matone yapo chini ya kifuniko, basi najua u mzima. Jana yalikuwa mengi mpaka yanadondoka. Nikasema leo yule anaongea. Chakula hakitupwi, kwa hiyo sinia lako nalila mimi. Nanenepa kwa ajili yako.

Kabati sijafungua. Ila mumeo nampa maji kila asubuhi. Ametulia.

Sasa nina habari. Mpwa wangu wa Hita kaniandikia. Ana shamba la mapeasi, nyumba kubwa, mke hana maneno. Anasema Shangazi, njoo, unafanya nini peke yako kwenye nyumba za mgodi uliokufa. Nimekubali. Naondoka kabla ya sikukuu. Vyombo nimeshafunga.

Nakwambia mapema usije ukarudi ukagonga mlango mtupu. Hutanikuta. Hapa hapatakuwa na mtu, mbwa tu.

Kwa hiyo Takenori akisema neno, usijitie ugumu. Kachumba kenye mlango ni kitu kizuri.

Matango nimechuma yote.

Wakae


Kagoshima, stesheni, 7 Agosti 1974

Dada Wakae, muongo mkubwa wewe!

Naandika hapa stesheni juu ya boksi la keki za viazi vikuu, zako hizo, kwa hiyo ukiona wino umevuja kwenye keki usilalamike. Takenori kaenda kununua chakula cha njiani, Misao kampeleka mtoto chooni, na majivu leo yanamwagika, Mungu anisamehe, kama mtu anachunga unga huko juu. Watu wote hapa weupe nywele. Kwa leo tu nimekuwa na rika langu kila upande.

Barua yako imeingia asubuhi tunakung'uta matandiko. Nikaenda kuisomea chooni kwa Bi. Orie. Nimecheka, Dada! Bi. Orie akagonga, "Bi. Shigeno, kuna nini?" Nikamwambia tumbo.

Kwanza. Mume wangu unampa maji kila asubuhi? Mume yupi? Maana wangu mimi nilikuwa naye huku! Alikuwa ndani ya furushi, katikati ya soksi, tangu siku niliyoondoka. Nawe unajua, kwa sababu ulifungua, kwa sababu mimi nikikuambia usifungue kitu ni sawa na kukupa ufunguo. Eti ametulia. Kweli katulia, lakini kwangu.

Pili. Mpwa.

Dada Wakae. Mimi habari zako nimezitangaza kwenye foleni ya bafu la mgodi tangu tuko wasichana. Hakuna mtu Chikuho asiyejua, kwa mdomo wangu huu, kwamba wewe uliokotwa stesheni ya Iizuka na mzee Gonda, na kifuko cha maharage shingoni, hujui mama wala baba. Mpwa anatoka kwa ndugu. Ndugu yako nani? Hiyo treni? Miaka yote hii ningemkosa mpwa mwenye shamba la mapeasi? Mimi? Hata kama angekuwepo kweli, ningemjua kabla yako!

Basi nikakaa pale chooni nacheka, halafu kicheko kikakata, nikawa nimeangalia tu ukuta. Nikajua umefanya nini.

Sikuwaambia. Nikatoka, nikakunja matandiko, nikasema sina hamu ya kifungua kinywa, Misao akanipima joto.

Mchana wakanipeleka kwenye duka la barafu. Barafu ya kukwangua, Dada, mlima wa barafu ndani ya bakuli, wamemwagia maziwa matamu na matunda, wanaiita dubu mweupe kwa sababu zabibu zake zinakaa kama macho. Chizuru akasema, "Bibi, huyu anakuangalia wewe." Takenori ameshavaa zile suruali za safari, na viatu kavifunga kamba mara mbili. Nikasema moyoni, haya, viatu hivyo.

Akakohoa. Akasema, "Mama, twende wote. Usishuke Orio."

Nikasema, "Aa, mimi na ghorofa wapi na wapi, nitaanguka."

Misao akasema, "Mama, chumba ni chako. Tumekiacha kwa ajili yako." Na kweli anasema kwa moyo, mikono yote miwili juu ya meza.

Nikasema, "Mimi mgongo, mimi maneno mengi, mtanichoka kabla hata ya sikukuu."

Mara mbili hizo. Na ya tatu, Dada, sikufichi, ilikuwa hapa. Hapa kwenye ulimi. Mtu hambebi mume wake kwenye soksi mpaka mwisho wa nchi kwa matembezi. Nilikuja nikiwa nimeshakubali.

Lakini Takenori, yule mtoto hajui kusema uongo, ulimlea vibaya, akaona nimenyamaza akatia haraka. "Na Shangazi Wakae anahamia kwa mpwa wake, kwa hiyo hakuna tena kinachokuzuia."

Nikamwambia, "Nani kakwambia habari za mpwa? Barua iko kwenye mfuko wangu, sijamsomea mtu."

Masikio yakamwiva. Kama alipokuwa mdogo ameiba sukari. Misao akasema kwa sauti ndogo, "Takenori, wewe nawe." Hapo kaniambia yote, barua yake, na yako, na nguo zangu za baridi ziko njiani zinakwenda Nagoya peke yao, masikini, kuona dunia.

Nikasema, "Mwanangu, siwezi. Yule hana mpwa. Yule ana mimi."

Akaweka kijiko. Machozi yakamlenga, nimeyaona, ni ya kweli yale, sitaki mtu yeyote aseme si ya kweli. Lakini nimeona na mabega, Dada. Mabega yalishuka. Kidogo tu, kama ya mtu aliyetua ndoo. Misao akaniona nimeona. Akageuka kumfuta Chizuru mdomo, na mdomo wenyewe ulikuwa safi.

Simlaumu. Wewe usimlaumu pia, na ukimlaumu tutagombana. Anaamka alfajiri, anarudi usiku, mke naye yuko kiwandani kwenye nyuzi, mtoto shule. Mtu anaweza akakupenda na akawa amechoka kabla hujafika. Na mimi nimekapigia hesabu kale kachumba. Mchana kutwa ghorofa ya nne, nimsemee nani? Bomba la maji ya moto?

Basi nikafanya kitu. Nikafungua furushi pale pale dukani, nikaondoa soksi, nikamtoa mume wangu nikamsimamisha juu ya meza katikati ya mabakuli ya barafu. Mwenye duka akataka kuja kufuta meza, akaona, akarudi nyuma kwa adabu. Nikamwambia Takenori, "Mchukue baba yako. Wewe ndiye mtoto wake mkubwa, ni haki yako. Kachumba kale mpe yeye. Haongei, hapigi mateke, na maji mnampa asubuhi tu. Kila mwaka sikukuu ya wafu tunamchongea farasi wa tango ampande aje nyumbani, mwaka huu mwenye bahati anapanda treni."

Misao akalia. Akalia vizuri, bila adabu, mpaka pua. Nilimpenda saa ile kuliko wiki nzima. Akamfunga kwa leso yake ya harusi, ile ya hariri. Chizuru akauliza, "Babu anakula barafu?" Nikamwambia alikuwa anaipenda ila meno yalimkatalia. Akachota kijiko cha dubu akamwekea mbele. Sote tukakaa tunaangalia kile kijiko mpaka kikawa maji, na barafu zetu pia zikawa maji, hakuna aliyekula. Pesa za Takenori zile.

Sasa Dada, hii barua itafika baada yangu, najua. Mimi nitakuwa nimeshafika, nimekaa kibarazani kwako, mtu wa posta ndiyo kwanza analeta. Nitakusomea mwenyewe, nawe utajifanya unapepeta maharage. Naiandika kwa sababu kuna maneno nikikuona uso kwa uso sitayaweza, nitaanza kukuhadithia habari za yule mama wa yai.

Ni hivi. Naogopa Orio.

Kutoka hapa mpaka pale tutakaa viti vinaangaliana, wanne, na marehemu wa tano. Njia nzima. Chizuru ataniegemea alale. Halafu pale nitasimama, nitashuka, dirisha litakuwa na sura zao, na treni itaondoka nao wote. Na mume wangu. Nami nitabaki nimeshika keki. Sasa natafuta la kusema mpaka huko, Dada, na sina. Mimi, Shigeno, nimekaa hapa nafungua mdomo, hamna kitu. Nimemwangalia Takenori kwenye foleni ya chakula, kile kisogo, nikasema leo nikiacha kuongea atajua, maana umemwambia wewe mwenyewe, nikinyamaza naumwa. Kwa hiyo lazima niongee. Nitaanza na yule kimada mwenye jino la dhahabu. Halafu nitatunga. Mpaka Orio nitakuwa nimemzalia watoto.

Usiende popote. Fungua vyombo ulivyofunga, kama kweli ulifunga, maana najua hukufunga. Nguo za baridi nitaazima zako. Zitanibana, lakini kosa lako.

Halafu yule mbwa wa Kusaba muache alale pale pale.

Na sinia la leo niwekee bado, mpaka nikanyage mlango. Kuanzia kesho tutaliweka kwa ajili ya mume wangu. Si kasafiri? Wali, supu, achari kidogo, ile laini, kwa ajili ya meno. Tutakula chetu, halafu tutafunua wote wawili tuangalie chini ya kifuniko kama Nagoya wanamtunza. Na kama matone hayapo tutasema supu ilikuwa ya baridi, wewe huwa hupashi vizu

Haya, Takenori ananiita, "Mama! Mama, treni hiyo! Furushi liko wapi, nipe nikubebee, zito!" Halina uzito tena lile. Naja